Alikwenda Vitani na Kahawa ya Kutafuna

Katika kijiji chetu kizima cha Rugu, jirani yangu ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akipanda bodaboda huku amevaa kofia ya chuma ya vitani. Sisemi helmeti ya kawaida. Nasema ile nzito ya kuzuia vyuma vinavyoruka, yenye maandishi meupe kwenye paji la kuwaambia wenye bunduki kwamba huyu ni mwandishi wa habari. Vijana wa bodaboda walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye hakukasirika. "Nimepita katikati ya majeshi mawili nikatoka," aliwaambia. "Sitaki kuja kufia kwenye kona ya Nyakahanga kwa ajili ya mbuzi wa mtu." Kisha alimkumbatia dereva kiunoni kwa mikono miwili, akafumba macho, wakaondoka.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vita. Shirika moja la habari la ng'ambo lilimtuma Kongo, likamtuma Sudan, likamtuma na mahali pengine ambapo hata redio zetu hazikuwa na hamu ya kupataja. Kijijini alikuwa Mpiga Picha kwa wakubwa na wadogo, jina lake la ubatizo likabaki kwenye daftari la kanisa. Mimi nilimwita shemeji, maana alikua pamoja na mume wangu, na kibanja chao, yaani shamba la nyumbani, na chetu vinatenganishwa na mstari mmoja tu wa migomba. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, nami sikumpunguzia. Nilimuuliza kila mwaka ataoa lini. Kila mwaka alinijibu kwamba hajapata mwanamke anayependa mume wa kuja na kuondoka kama mvua za vuli.

Msidhani alikuwa mtu wa kifua mbele. Alikuwa mwoga, na aliusema woga wake waziwazi kama mtu anavyosema ana vidonda vya tumbo. Aliogopa sindano. Wakati mmoja alirudi na kovu refu la paja lililoshonwa porini bila ganzi, lakini alipopelekwa hospitali kwa homa na nesi akamwonyesha sindano, alizimia kabla haijamgusa. Nesi alikuwa binti wa dada yangu, kwa hiyo habari ilifika Rugu kabla yake. Aliogopa majogoo. Aliogopa maji ya mto yaliyojaa. Nilipomuuliza mtu wa namna hiyo anatafuta nini vitani, alisema, "Shemeji, jasiri hukaa wima akapigwa. Mimi nalala chini mapema. Ndiyo maana shirika linanipenda."

Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, pembeni, karibu na mlango. Mchungaji wetu aliona hivyo mwezi wa kwanza, akaona mwezi wa pili, akadhani kuna dhambi inayomchoma mtu huyu. Akamtembelea nyumbani na Biblia, akamwombea. Akarudi tena. Safari ya pili ndipo Mpiga Picha alipomweleza taratibu, "Mchungaji, mimi nikiingia mahali popote natafuta kwanza pa kutokea. Baada ya hapo ndipo nasikia neno." Mchungaji alicheka sana, lakini Jumapili iliyofuata tulimwona mwenyewe mimbarini akiutupia jicho mlango wa sakristia.

Kosa kubwa tulilolifanya ni kumpa harusi apige picha. Jirani yetu mmoja alikuwa anaoza binti, akasema kwa nini tukodi mtu wa kutoka Kayanga wakati tunaye bingwa hapa hapa. Mpiga Picha alikubali kwa moyo mweupe. Siku yenyewe tulimwona anatambaa kwenye majani, amelala kifudifudi nyuma ya sufuria za ndizi, amejibanza kwenye nguzo ya turubai. Mara nyingine hatukumwona kabisa. Albamu ilipokuja, familia ilikusanyika kuifungua. Kulikuwa na mikono ya mpishi ikimenya ndizi. Kulikuwa na viatu vya baba mwenye sherehe, kimoja kimefungwa kamba, kingine bado. Kulikuwa na shangazi wa bibi harusi akifuta machozi nyuma ya nyumba, mahali alipodhani hakuna amwonaye. Ng'ombe wa mahari alikuwa na picha nne, bwana harusi moja, tena ya kisogo.

"Keki iko wapi?" baba wa binti aliuliza.

"Keki haikufanya kitu," alisema Mpiga Picha.

Walinuniana miezi. Shangazi alidai picha yake iondolewe mara moja, ni aibu, ikaondolewa. Wiki moja baadaye alikuja kwangu kwa siri, akanituma nimwombee nakala yake kubwa ya kuweka ukutani.

Sasa niseme habari ya kahawa, maana hapo ndipo mimi, niliyekuwa sijavuka hata mpaka wa nchi, nilipoingia vitani. Kwetu kahawa si ya kuuza tu. Tunachuma matunda yenyewe, tunayachemsha na majani yenye harufu nzuri, tunayaanika mpaka yakauke vizuri, halafu tunayatafuna. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa shida yake, anawekewa kikapu kidogo cha kahawa. Wazee wa zamani walifanya nayo udugu: punje mbili za tunda moja, kila mmoja yake, na kuanzia hapo mtu hawezi kumdhuru mwenzake. Mama mkwe wangu alinifundisha kuitengeneza nikiwa bibi harusi mbichi, na bila kujisifu, nikamshinda.

Mpiga Picha alikuja kuichukua kwangu kila alipoitwa kazini. Aliijaza kwenye kopo la chuma, akaliweka mfuko wa mbele, mahali ambapo wenzake waliweka sigara. Kwenye vizuizi vya barabarani, palipokuwa na vijana wenye bunduki na macho mekundu, yeye hakuanza na karatasi za kibali. Alianza na salamu, akatoa kopo, akawakaribisha. "Mtu akiwa na kitu chako mdomoni," aliniambia, "anakuwa mgeni wako hata kama ni yeye amekusimamisha. Atafikiri mara mbili." Vijana walitafuna, wakatema, wakamuuliza hiki ni kitu gani kichungu hivi, wakacheka. Wakati wanacheka alikwisha kuwauliza majina yao. Majina aliyaandika kwenye daftari la shule, ya wenye bunduki na ya waliokimbia bunduki, kila aliyempiga picha kama aliweza kumfikia. Lakini majina ya watoto wangu wanne anayachanganya mpaka leo.

Mara moja alikosea, na kosa lenyewe hata mtoto wa hapa asingelikosea kama hajatishwa. Mwenye kahawa ni lazima atafune kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue haina sumu. Siku hiyo mizinga ilikuwa inalia karibu, akasahau. Alifungua kopo akamnyooshea kamanda wa kizuizi moja kwa moja. Kamanda akamtazama, akalitazama kopo.

"Wewe huli?"

"Nakula, mkubwa."

"Basi kula."

Akala moja. Kamanda akasema endelea. Akaendelea. Alisimamiwa na mtutu wa bunduki mpaka akamaliza kopo zima, kahawa ambayo mtu wa hapa huitafuna wiki mbili. Wakamwacha apite. Alinisimulia kwamba siku tatu hakufumba jicho, moyo unapiga kama pikipiki mbovu, na kwamba katika siku hizo tatu alipiga picha nyingi kuliko mwezi mzima. Shirika likamwandikia barua ya pongezi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama yake, aliyekuwa amekaa nasi anasuka mkeka, hakucheka. Alisema tu, "Mungu ni mwema, waitu," neno letu la kumwita mpendwa, akaendelea kusuka.

Huyu mama ndiye ninayetaka mjue. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini na mikono isiyokaa bure, na mtoto aliyebaki naye duniani alikuwa huyo mmoja. Kitu alichokitaka ni kimoja: mwanawe aache kazi ile kabla haijammaliza. Alikitaka asubuhi na jioni. Alimwambia mchungaji. Aliniambia mimi. Alimwambia mganga mkuu alipokwenda kupimwa presha, alimwambia hadi mnunuzi wa maharage kutoka Nkwenda ambaye hakumjua hata kwa sura. Mtu ambaye hakumwambia ni mwanawe.

Na hakumwambia kwa sababu ya mila. Kwetu mtu aliyekwisha kufunga mzigo hazuiwi. Ukimwambia usiende, naye akaenda akapatwa na jambo njiani, basi wewe ndiye uliyemtakia. Ulimi wako ndio uliotangulia. Kwa hiyo msafiri anapewa chakula cha njiani, anapewa kahawa, anasindikizwa mpaka barabarani kwa maneno mazuri. Mama alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akamwambia, "Mungu akutangulie," akasimama pale njia panda akipunga mkono mpaka pikipiki ikapotea. Halafu alirudi nyumbani, akajifungia ndani, akakaa siku nzima bila kuwasha moto. Sisi majirani tulijua. Tulimpelekea chakula, hatukusema neno.

Kisha ikaja safari ile ambayo alikawia miezi minne. Simu haikupatikana. Nilijikuta nachemsha kahawa isiyo na mnunuzi ili tu mikono iwe na kazi, na kila nilipoianika nilijiuliza kama ile niliyompa ilitosha, kama ilikuwa mbivu sawasawa, mambo ya kijinga. Alirudi kwa gari la watu wengine, amekonda, sikio la kushoto halisikii. Dereva wake, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alipigwa risasi akafa akiwa ameketi kando yake ndani ya gari. Aliniambia hayo kwenye ua wangu, akiwa ameinamia mikono yake.

"Alikuwa anatafuna kahawa yako, shemeji," alisema. "Alikuwa ameniomba dakika hiyo hiyo."

Nililia mbele yake, sikuona haya. Majuma mengi baada ya hapo hakutania mtu. Alilima. Alipunguza majani ya migomba ya mama yake, akatengeneza paa la jiko, akaenda hata kumwangalia jogoo wa jirani bila kukimbia. Mama alianza kunenepa kidogo. Tulidhani imekwisha.

Haikwisha. Simu ilipoita tena, mama alikuja kwangu mbio kupitia migombani, akanishika mikono yote miwili. "Akija kwako, mwambie kahawa imekwisha. Hawezi kwenda bila kahawa. Nakuomba, mwanangu." Nikamwahidi. Mpiga Picha alipokuja nikamwambia imekwisha, sijachuma. Alinitazama, kisha akatazama nyuma ya bega langu, ambako mkeka mzima wa kahawa ulikuwa juani.

"Shemeji, umezeeka," alisema. "Hata uongo unakushinda siku hizi."

Alijaza kopo mwenyewe, akaniaga vizuri, akaenda. Nilijichukia wiki nzima, na sikujua nijichukie kwa lipi zaidi, kwa kudanganya au kwa kudanganya vibaya. Alirudi salama safari hiyo. Na ile iliyofuata. Mtu akirudi salama mara nyingi, watu huanza kudhani ndiyo tabia yake.

Siku ninayotaka kumalizia ilikuwa Novemba iliyopita. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanguka kwa wingi, nami nilikuwa nimekaa barazani asubuhi na beseni mbele yangu, nawanyonyoa mabawa na miguu. Mpiga Picha alikuja akavuta kigoda, akaanza kunisaidia bila kuambiwa. Alikuwa na vidole vyepesi kwa kazi ile. Nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na nilikuwa nimezoea kuketi upande wake wa kulia ili anisikie.

"Gari la shirika litanisubiri Nkwenda kesho alfajiri," alisema baada ya muda. "Tunapitia Uganda. Natoka hapa leo mchana. Unayo kahawa?"

"Ninayo."

"Safi."

"Lakini sikupi."

Alicheka. Alidhani ni ule utani wetu. Mimi nikaendelea kunyonyoa senene, nikawa nawang'oa hata vichwa.

"Kwa nini hunipi?"

"Kwa sababu ukiwa nayo utakwenda. Nami sitaki uende."

Aligeuza kichwa akanielekezea sikio zima. "Hebu sema tena."

"Usiende," nikasema. Nilijiona kama mtu aliyetukana mkwewe. "Mkosi ukija, uje kwangu. Usiende, shemeji."

Aliweka chini senene aliyekuwa naye. Nikaona nimemkosea.

"Unajua hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo?" alisema. "Miaka yote hii. Hakuna hata mmoja."

"Mama yako anataka hivyo tangu safari ya kwanza."

"Mama?" Alinitazama kama vile nimemtajia mama wa mtu mwingine. "Mama ananifungia ndizi. Mama anasimama njia panda anapunga mkono. Mimi nilidhani anajivunia kazi yangu. Nilikuwa nikichoka kule, nikitaka kuacha, nawaza nitamwambia nini yule mwanamke anayenisindikiza kwa furaha namna ile. Niliona nikibaki nyumbani nitamtia aibu."

"Tuliogopa kukutakia mabaya."

"Shemeji," alisema polepole, "mabaya niliyakuta kule mlikonisindikiza."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilifikiria kila kifurushi nilichowahi kumfungia. Nilimfikiria yule dereva nisiyemjua sura. Yeye alikwisha kusimama, akapita migombani kuelekea kwao, na mimi nikamfuata nyuma na mabawa ya senene yamenishika mikononi.

Mama alikuwa mkekani mbele ya nyumba anachambua maharage. Ndizi za njiani zilikuwa tayari kando yake, zimefungwa vizuri kwenye jani. Mpiga Picha aliingia ndani, akatoka na begi begani, akasimama mbele yake.

"Mama, niende nisiende?"

Mama alinitazama mimi kwanza, kwa jicho ambalo mtu humtazamia mwizi. Kisha akatazama maharage. "Wewe ni mtu mzima," alisema. "Mungu akutangulie. Ndizi zako hizi."

"Ndizi nimeziona. Nakuuliza wewe."

"Waitu, mbona unaniuliza mambo ya kazi? Mimi najua nini?"

"Nakuuliza, mama."

Simu ililia mfukoni mwa Mpiga Picha. Hakuigusa. Ililia mpaka ikakata, ikaanza tena, na mama akawa anautazama ule mfuko unaolia kana kwamba kuna kitu kinataka kutoka humo. Nilitamani kusema mimi, nikajizuia. Hili halikuwa langu tena.

"Usiende," mama alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana, akaziba mdomo kwa kiganja upesi, na macho yakamjaa hofu kwa kile alichokwisha kukitoa. Sikuwa na hakika kama mwanawe amesikia, maana mama alikuwa upande wa lile sikio bovu. Alikuwa amesikia.

"Haya, mama," alisema. Akashusha begi, akainama, akavua viatu.